Mablanketi Machafu ya Bwana Pinsi

Juzi, katika chumba cha pasi hapa shuleni kwa masista, mtu aliacha uji wa wanga uungue kidogo kwenye sufuria. Wenzangu walifungua madirisha wakaanza kulalamika. Mimi nilibaki nimeshika shuka ya watu, nanusa tu. Wanga wa muhogo ulioungua, ukichanganyika na chai iliyolala, ndiyo harufu ya mwaka nilipokuwa na miaka tisa, na ndiyo harufu ya Bwana Pinsi. Nawaambia ninyi mnaosoma kwa sababu kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo, hata chumvi mezani nangoja mwenzangu aiombe kwanza.

Ilianza siku ya Jumamosi, saa nane ya mchana. King'ora cha nusu siku kilikuwa kimeshalia, wanaume wamerudi, kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba, ina moshi wake. Tata, baba yangu, aliingia kwa mlango wa mbele, kwa sababu tangu aanze kuomba ile karte nitakayowaeleza alikuwa hapiti tena mlango wa nyuma. Alibeba boksi la viatu kwa mikono miwili, kama padri anavyobeba ekaristi siku ya maandamano.

"Mama Monika," alimwambia mama yangu, "ondoa sombe ku meza. Kuko kazi ya Bwana."

Monika ni mimi. Tulikaa Kolwezi, katika nyumba za kampuni ya mgodi, upande wa Dilala, na Tata alikuwa kalani katika ofisi ya mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pinsi, kwa ajili ya pinsi yake, kikoleo kidogo cha chuma kilichokaa siku zote katika mfuko wa shati lake. Wengine walidhani ni cha kung'olea miiba. Hapana. Kilikuwa cha kuchezea. Mtu mzima, mwenye tumbo, mwenye gari, mwenye watu wanaosimama akipita, siku za Jumapili alikaa barazani kwake akitengeneza vifaru vya vita kwa mbao na bati, vya urefu wa mkono wa mtoto, na kubandika vyuma vyake vidogo kwa kikoleo kile. Katika vita vya kweli hakwenda. Wakati wenzake wanapigana alikuwa hapahapa Kolwezi, anahesabu mabehewa na kula siagi. Lakini barazani kwake alikuwa jenerali.

Vifaru vyenyewe vilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa mizigo. Tata alitueleza akiwa amesimama, kwa sauti ya ofisini: askari wa kifaru wanaishi humo, kwa hiyo juu na nyuma ya kifaru wanafunga mablanketi, mifuko, turubai, debe la maji, ndoo, birika la chai. Bwana ana vidole vinene, hawezi kushona vitu vya namna hiyo. Tata akamwambia kwamba mtoto wake wa kike anajifunza kushona kwa masista, na vidole vyake ni vidogo.

"Na yeye atakupa nini?" Mama aliuliza.

"Bwana iko mu komite."

Hapo Mama akaondoa sombe, yaani kisamvu chetu.

Niwaeleze hiyo komite, maana nyumbani kwetu wakati ule hatukusema habari nyingine. Kulikuwa na karte ya serikali, carte du mérite civique, kadi ya sifa za uraia, ambayo mtu mweusi aliweza kupewa akionekana amestaarabika. Mwenye karte aliweza kununua divai dukani, aliweza kupita mtaa wa wazungu jioni bila kusimamishwa na polisi. Lakini kabla ya kumpa, komite ilikuja nyumbani kwake kuangalia. Waliangalia kama anakula kwa uma. Waliangalia shuka. Waliangalia choo, ndiyo, choo, watu wazima wenye kofia waliinama wakaangalia choo cha watu. Wakiridhika, basi umekuwa mtu. Tata aliitaka karte ile kama mgonjwa anavyotaka maji, na mimi, niseme wazi, nilimdharau kwa ajili hiyo. Nilimdharau kwa tai yake, kwa "pardon" yake akipiga chafya, kwa namna alivyokata bukari, ugali wetu, kwa kisu na uma, bukari ikapoa, akajifanya anapenda ya baridi.

Basi nikashona. Mablanketi yalitoka kwenye fulana ya zamani. Turubai lilitoka kwenye kitambaa cha kuchujia cha kiwandani. Kamba za kufungia zilitoka kwenye ulimi wa kiatu kilichokufa, Tata akazikata kwa wembe nyembamba kama majani ya mchaichai, na vifungo vyake akavikunja kwa waya. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Aka! Askari ya namna gani hii? Balikuwa bapanya?"

Mimi nilijivuna kidogo. Blanketi langu moja lingeweza kulala kwenye kijiko. Tata akalipeleka, akarudi nalo.

"Bwana anasema haina uzito," alisema.

"Ni fulana," nikasema. Moja ya siku chache nilizosema.

"Anasema blanketi ya kweli inalala. Inaanguka pembeni. Kamba ikiifunga, inaingia ndani. Yako imesimama kama hostia."

Tukatafuta dawa. Mama akapika uji mwembamba wa wanga, tukalowesha blanketi, tukalikunja, tukalifunga kwa kamba likiwa bichi, likakauka limelegea na kubonyea kama mtoto anayelala mgongoni. Hapo Bwana akaikubali mikunjo. Lakini akarudisha tena. Safari hii alitaka kujua nani ameweka ndoo mahali ambapo mdomo wa mzinga unapita ukigeuka. Kisha akarudisha kwa sababu mfuko ulifungwa mahali ambapo askari hawezi kuufikia bila kushuka. Niliuliza moyoni, askari gani? Maana katika vifaru vyote vya Bwana Pinsi hakukuwa na mtu hata mmoja. Alitengeneza birika lakini hakutengeneza mnywaji. Mablanketi mengi, na hakuna mwenye baridi.

Mara ya mwisho Tata alirudi uso umechoka.

"Sasa nini?" Mama akauliza.

"Anasema haiko réaliste."

"Réaliste njo nini?"

Tata alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno, na niliona kwamba yeye mwenyewe hakuwa nalo; leo najua maana yake ni kufanana na kitu cha kweli. Kalani hawezi kusema sijui mbele ya mke wake. Akasema, "Njo... iwe na buchafu. Moshi, chai, vumbi. Bitu ya batu benye kutumika."

"Eh! Bazungu bako na jina ya buchafu ya pekee yake?"

"Njo vile."

Tangu siku ile neno likaingia nyumbani na kupata uraia kabla ya Tata. Mdogo wangu akirudi na matope miguuni, Mama alimkaripia: "Kanawe, magulu yako iko réaliste mingi!" Sufuria iliyoungua ilikuwa réaliste. Mbwa wa jirani alikuwa réaliste toka kuzaliwa. Tata alisikia na hakusahihisha, maana angesahihisha kwa neno gani?

Na sisi tukachafua. Hiyo ndiyo kazi iliyonichukiza kuliko zote. Tulilowesha mablanketi kwenye chai nyeusi. Tukapaka masizi ya chini ya sufuria kwa kidole. Bwana alisema vumbi liwe jekundu, basi Tata, na viatu vyake vya ofisi, alikwenda kuzoa vumbi kwenye barabara ya Kasaji na kulichekecha kwa chandarua. Kila kitu kikawa kama kimetoka kwenye shimo la takataka, na Bwana akatuma neno kwamba sasa, sasa ndiyo kazi nzuri.

Wakati uleule komite ikatangaza siku ya kuja.

Sijui kama mnaliona jambo hili kama ninavyoliona mimi leo. Upande mmoja wa meza nilikaa nikipaka masizi kwenye blanketi ili Bwana Pinsi afurahi. Upande wa pili Mama alisugua mguu wa meza ileile kwa mchanga na majani ili Bwana Pinsi huyohuyo asikute doa. Aliosha kuta. Aliosha ndani ya taa. Aliazima uma mbili kwa mke wa katekista. Sufuria zenye masizi zilifichwa kwenye banda la kuku, kuku wakahamishiwa kwa jirani, na jirani akatutukana kwa Kilunda siku nzima. Sisi watoto tulikatazwa kukaa kwenye vitanda tulivyokuwa tunalalia, mashuka yasikunjamane. Tulilala chini, kwenye mkeka, ili komite ione kwamba hatulali chini.

Asubuhi ya siku yenyewe Tata alitoa mizigo ya kifaru kwenye boksi akaikuta bado ina unyevu. Bwana aliitaka kesho yake. Akaianika yeye mwenyewe kwenye kamba ya nguo ya Mama, nyuma, kwa vibanio vya matete alivyovichonga. Alidhani itakauka kabla ya saa ya wageni na angeiondoa. Lakini ofisini walimchelewesha, akaingia nyumbani mbio, na wageni nyuma yake.

Walikuja watatu: bwana mmoja wa serikali, mrefu, anayepiga miayo, Madame mmoja mwenye kofia na glavu, na Bwana Pinsi. Bwana Pinsi hakumsalimu Tata kama mtu anayejuana naye. Aliangalia ukuta.

Madame ndiye aliyefanya kazi. "Fungua hii," alisema. Mama akafungua kabati. Madame akapitisha kidole juu ya kabati, mahali ambapo hata mjusi hafiki, akaangalia glavu yake. Nyeupe. "Fungua hii." Sanduku. "Hii." Sufuria ya wali, akainusa. Akafunua shuka ya kitanda changu, akafunua na godoro. Mimi nilisimama kwenye kona na mdogo wangu, tumechanwa nywele mpaka macho yamevutika, nikaona mikono ya mtu nisiyemjua ikipita mahali ninapoweka kichwa. Sitasema nilihisi nini. Nitasema tu kwamba tangu siku ile sijapenda glavu.

Lakini tulikuwa tunashinda! Hata mimi niliona. Bwana wa serikali alisema "bien" mara kadhaa, na Tata akaanza kusimama wima, tai yake ikapanda na kushuka. Mama naye alikuwa amengoja siku nzima aseme kitu cha Kifaransa, cha kumheshimisha mumewe. Alikuwa hana maneno mengi. Niliona midomo yake ikijaribu.

Kisha Madame akataka kuona nyuma.

Kamba ya nguo ilikuwa pale juani. Mablanketi yangu yamening'inia mstari mmoja, meusi kwa masizi, mekundu kwa vumbi, na turubai, na vifuko, kila kimoja na kibanio chake. Madame alisogea, akashika moja kwa ncha za vidole viwili, akaliachia upesi.

"Na hii? Hii ya nani?"

Mama akaona saa yake imefika. Alipiga hatua mbele, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma Injili:

"Hapana, Madame! Kwetu hapa hakuna réaliste. Nyumba mzima, hakuna réaliste! Hii réaliste yote ni ya Bwana."

Na akamwonyesha Bwana Pinsi kwa kidevu, kwa heshima kabisa.

Bwana wa serikali aliacha kupiga miayo. Madame aligeuza kofia yake pole pole. Bwana Pinsi alikuwa mwekundu, masikio mpaka shingo, mwekundu kupita vumbi la Kasaji. Neno lake mwenyewe limemfuata mpaka uani kwa watu na kumsalimu mbele ya wenzake. Mtu mkubwa wa mgodi! Mablanketi ya panya! Ningekuwa na ujasiri ningecheka.

"Huyu mama anasema nini?" alisema. "Hii takataka mimi sijui."

Alisema hivyo akiwa na kikoleo mfukoni.

Basi Madame akamgeukia Tata. "Kalani. Sema. Ya nani?"

Nilimwangalia Tata. Hata mtoto wa miaka tisa alielewa mlango wake ulikuwa mwembamba namna gani. Akisema kweli, amemwaibisha mtu ambaye ofisini ni mkuu wake na katika komite ana sauti. Akisema si ya Bwana, uchafu ni wetu, na Mama, ambaye mikono yake ilikuwa imechubuka kwa mchanga, ni mke mchafu. Mama naye alimwangalia, bado anatabasamu, hajajua amefanya nini.

"Ni ya batoto, Madame," Tata akasema. "Banacheza."

Akatazama kwa Bwana Pinsi, kidogo tu, kama mtu aliyemtolea mwenzake kiti. Ni kama alimwambia: sasa nawe keti, useme neno moja.

Bwana Pinsi akasema. "Mtu anaacha batoto yake icheze na uchafu kama huu," aliwaambia wenzake, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie. "Kwa mimi, nyumba hii, bado."

Na bado ikawa bado. Bwana wa serikali aliinua mabega, Madame alivua glavu, wakaondoka kwa mlango wa mbele. Mlango ule tulikuwa tumeupaka mafuta ili usilie.

Jioni ile hakuna aliyepiga kelele nyumbani, na mimi ningependa wapige. Mama aliuliza mara moja tu, "Tata Monika, nilisema mubaya?" Tata akajibu, "Ulisema muzuri." Kisha akatoa mizigo yote kwenye kamba, akaipanga kwenye boksi, na kuniambia, "Kesho mbele ya masomo utamupelekea Bwana bitu yake." Bitu yake! Baada ya yote yale! Nilimdharau Tata usiku ule kuliko nilivyomdharau Bwana Pinsi, maana Bwana Pinsi sikumtegemea. Nilijiambia: mtu huyu amemkana mama yangu kwa ajili ya chupa ya divai.

Nilibaki na neno hilo miaka mingi. Likizo iliyopita tu ndipo nilipojua. Tata alikuwa na homa, Mama ananisaidia kumkanda, na kwa mara ya kwanza nikauona mgongo wake bila shati. Tangu nizaliwe sikuwahi kuuona. Hata kwenye joto la Oktoba alivaa shati, na mimi nilifikiri ni ustaarabu wake, nikaudharau pia. Mama alinieleza nje, akikamua kitambaa. Kabla sijaanza kutembea, Tata alipigwa fimbo mbele ya ofisi, amelazwa chini, na wafanyakazi wengine wamesimamishwa kuangalia. Kosa lilikuwa la mzungu mwingine. Na mtu mwenye karte, Mama alisema, hawakuruhusiwa kumlaza chini. "We ulifikiri njo divai?" aliniuliza. "Tata yako hakunywaka hata pombe ya munkoyo."

Kwa hiyo sasa najua alikuwa ananunua nini kwa mablanketi yangu. Simdharau tena. Dharau yenyewe haikupotea; nimeihamisha tu, imekwenda kwa wale watu watatu na glavu zao, nayo inakaa huko vizuri, haichoki.

Lakini asubuhi ile, kesho yake, sikujua lolote la hayo. Niliamka kabla ya wote. Nilikuwa na hasira ya mtoto, ambayo haina maneno, na mimi hata ya kawaida sina. Nilichukua boksi nikaenda nalo uani, nikachota maji ya moto, nikachukua sabuni ya kipande, nikafua. Nilifua blanketi moja moja, kati ya vidole gumba viwili. Wanga ukayeyuka, mikunjo yote ile aliyoirudisha Bwana na kuirudisha ikafunguka, chai ikatoka, masizi yakatoka, maji yakawa kama ya mgodini. Nikamwaga, nikafua tena. Nikatia buluu ya kufulia kama masista walivyonifundisha kwa vitambaa vya altare. Vifuko, turubai, kila kitu. Vikawa vyeupe mpaka vinaumiza macho. Bwana atapata mizigo yake, safi, kama komite inavyopenda.

Nilikuwa nimetandika ubao nanyoosha kwa pasi ya makaa wakati Tata alipotoka. Amekwisha kufunga tai. Alisimama akaangalia mablanketi yaliyokunjwa pembe nne, yamepangwa kama leso za maaskofu. Aliangalia beseni. Mimi niliinamisha kichwa nikangoja kofi.

Alishika pasi kutoka mkononi mwangu, akaitemea mate kidogo upande wa chini, akasikiliza kama yanachemka.

"Moto hii haitoshi," alisema.

Akainama, na tai yake ameitupa begani isiungue, akaanza kupuliza makaa.